Kona ya Nne

Mume wangu aliacha kulia, nami nikamshukuru Yesu kwa sauti.

Tulikuwa tumemtua katikati ya barabara, pale inapoanza kushuka kwenda bondeni, saa saba za mchana, hakuna mti wala kibanda. Alikuwa amelia tangu alfajiri. Si kulia kwa machozi. Ni ile sauti ya chini, kama ya mtu anayesukuma kitu kizito peke yake, inapanda na kushuka na pumzi, haikomi. Halafu ikakoma. Akafungua macho, akaniangalia, akasema, "Mama, yameisha. Hayaumi tena."

Wifi yangu akapiga magoti. Jirani yetu mjane akajifunika uso kwa kitenge. Mimi nikasimama mikono juu, mabega yanawaka, shingo imechubuka, nikasema asante Yesu, asante, asante, mpaka koo likakauka. Nikampa maji. Nikawaambia wenzangu tupumzike kidogo, haraka ya nini tena. Tukakaa pale, nadhani robo saa. Nilikuwa na furaha. Neno hilo nalichukia, lakini ndilo lenyewe, siwezi kuandika jingine.

Siku tatu baadaye, hospitali ya Mbarara, daktari mwenye miwani alinieleza kwa upole kwamba utumbo uliobanwa ukipasuka, maumivu huacha. Kwa muda tu. Maana yake ni kwamba ulikuwa umepasuka pale barabarani, nilipokuwa nashukuru.

Tangu hapo kitu chochote kikinyamaza ghafla, mwili wangu unashtuka. Mvua ikikatika juu ya bati, nasimama. Mtoto wa jirani akiacha kulia, natoka nje kuangalia kama anapumua. Mama yake ameshazoea. Ananionyesha tu, "Huyu hapa, mama, amelala," nami narudi ndani.

Nirudi nyuma kidogo, maana asiyetoka kwetu hataelewa kwa nini wanawake watatu walikuwa wanabeba mwanamume juu ya kitanda siku ya Jumapili, na kijiji kina wanaume wazima wenye mabega.

Sisi Warundi tuna kitu kinaitwa ingobyi. Ni machela ndefu ya kusuka, ina miti miwili, kwa hiyo ina ncha nne, na kila ncha ina mtu wake. Kule kwetu milimani gari halikufika, mtu alifika hospitali kwa mabega ya majirani. Tulipokimbia kuja Uganda tuliacha vingi, lakini hicho hatukukiacha kwa sababu kilikuwa kichwani. Jumuiya yetu ya kanisa hapa Juru, kijiji chetu cha wakimbizi, ilisuka ya kwake mwaka wa kwanza tu. Gari la wagonjwa la kule Base Camp, kwenye ofisi za wakimbizi, lipo, lakini mvua ikila barabara linaishia ng'ambo ya bonde, na kutoka kijijini mpaka pale ni mabega tu.

Kila nyumba inatoa bega moja. Mgonjwa akipatikana, filimbi inapigwa, wanaume wanatoka mashambani walivyo, na tope miguuni. Wanawake hatubebi. Sisi tunafuata nyuma na beseni, nguo na chupa ya uji. Mwanamke kushika mti wa ingobyi ni kuwatukana wanaume wa mtaa mzima mbele ya watu.

Na kuna daftari. Nyumba ambayo haikutoka mara tatu filimbi ikilia, wala haikutuma mtu, inafutwa, na aliyefutwa habebwi. Sheria hiyo nilikuwa naisifu. Nilisema itawatoa wavivu kitandani. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu.

Mume wangu alikuwa anatoka wa kwanza. Mfupi, mabega mapana kama mlango. Walimpa kona ya nyuma upande wa kulia, kwa sababu njia ikipanda uzito wote unateremkia nyuma, na nyuma wanamtaka mtu asiyeteleza. Alibeba wajawazito, alibeba wazee, alibeba mlevi mmoja aliyevunjika mguu, naye huyo aliimba njia nzima. Akirudi anakula maharage yake kimya, na mimi najisikia mke wa mtu.

Halafu, miaka mitatu iliyopita, akaanza kubaki nyumbani. Filimbi ikilia, anasema ana palizi. Ikilia tena, anasema jembe limekatika mpini. Watu wakaanza kuchoka naye. Mara ya tatu ikapita, na ya nne, na ya tano, na zaidi. Walipomfuta niliona aibu kuliko yeye. Nilimwambia, "Mzee, watu watatuona sisi ni watu gani?" Akasema, "Yesu anajua." Basi. Kila kitu ni Yesu anajua.

Na mimi nilijua kitu, nisijifanye sikujua. Nilikuwa nafua nguo zake, nikakuta kipande kirefu cha kitenge changu cha zamani, kimekunjwa kama mshipi, kina jasho. Nikamuuliza. Akasema ni cha kushikilia suruali. Kitambaa upana wa mikono miwili, cha kushikilia suruali! Nikakifua, nikakianika ndani ya nyumba mahali watu hawaoni, nikanyamaza. Ilikuwa ngiri. Wanaume wetu hawaitaji kwa jina. Wanaona ni ugonjwa wa kuchekwa, kwamba mtu amekwisha. Alijifunga hivyo karibu miaka mitatu, akilima, akisali, na mimi namwanikia kitambaa.

Kwa hiyo katika watu nitakaowataja humu kwamba wanadaiwa jibu, wa kwanza ni mimi.

Wa pili ni mkuu wa jumuiya. Jina lake siandiki, Juru wanamjua. Ana baiskeli yenye honi mbili, na shingoni anavaa rozari pamoja na ufunguo wa chumba cha ingobyi, kamba moja.

Jumapili ile mume wangu aliamka kwenda nje, hakufika mlangoni. Ule uvimbe wa ngiri ulikuwa umetoka, mgumu, haurudi ndani, tumbo limekuwa ubao. Jirani mjane ana simu, akapigia kituo cha afya Base Camp. Wakajibu vizuri, wakasema mvua imekata barabara, gari litakuja mpaka ng'ambo ya bonde, mleteni pale. Tukamwita mtu wa pikipiki. Tulipomkalisha alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, akaanguka pembeni. Mwenye pikipiki akawasha, akasema samahani mama, huyu atanifia mgongoni, akaenda. Simlaumu.

Saa mbili nilikuwa uani kwa mkuu. Alikuwa amevaa tayari, anapangusa viatu.

"Mkuu, piga filimbi. Mzee wangu anakufa."

"Mzee yupi?" Kama hajui.

"Wa kwangu. Tumbo limekakamaa. Gari limeshapigiwa simu, linakuja bondeni."

"Huyo si ndiye mwenye kazi nyingi shambani?"

"Mkuu, ni mgonjwa. Amekuwa mgonjwa siku zote hizo."

"Mbona hakusema?" Akaweka kiatu kimoja chini, akashika kingine. "Mama, leo ni siku ya Bwana, wanaume wameshavaa. Tusali kwanza. Baada ya sala wazee tutakaa, tutaona."

"Na gari?"

"Gari litasubiri. Gari halina roho ya kukata."

Mtu mmoja akacheka ndani. Nikarudi mbio. Nikamkuta mume wangu amegeukia ukuta, anasukuma ile sauti. Nikakaa, nikasimama, nikatoka mlangoni, nikarudi. Kanisani walianza kuimba. Kutoka kwetu mpaka kanisani ni mwendo mfupi, nyimbo zote nilizisikia, na kila wimbo ulipoisha nilisema sasa wanatoka, kumbe ni mwingine. Padri hakuja siku ile, katekista ndiye aliongoza, na nakumbuka alihubiri mrefu. Jirani mjane akaja na simu yake: gari limefika bondeni. Baadaye akaja tena: dereva anauliza mko wapi. Baadaye akaja, akaniangalia tu, nikajua gari limeitwa kwingine.

Walitoka saa tano. Wazee wakakaa kwenye mabenchi nyuma ya kanisa, nami nikasimama mbele yao. Katibu akafungua daftari, akatafuta kwa kidole.

"Mara saba," akasema. "Si tatu. Saba."

"Alikuwa na ngiri," nikasema. Mbele ya wanaume kumi na mmoja nilitoa siri ya mume wangu, na wengine wakaangalia chini, na mmoja akajikohoza ili asicheke.

Katibu hakuwa na hasira, na hilo ndilo linanichoma zaidi. Alisema taratibu, "Mama, tusikilizane. Huyu akibebwa bila kufuata utaratibu, kesho filimbi ikilia tutatoka wangapi? Kila mtu atasema nilikuwa mgonjwa."

"Nendeni mkamwone."

Mkuu akasema, "Sisi si watu wabaya. Aje mwenyewe, aombe radhi mbele ya jumuiya, ingobyi itoke leo hii hii."

"Hawezi kusimama."

"Basi abebwe aje," akasema mtu wa nyuma.

Wakacheka. Si wote. Mkuu hakucheka, lakini hakumkemea. Katekista alikuwa amesimama pale na vitabu vyake mkononi, anaangalia viatu. Huyo naye namtaja. Nilimwangalia nikingoja aseme neno moja, maana ndiye alitufundisha kwamba mzigo umpe Yesu. Akasema, "Mama, tumwombee."

Njiani kurudi niliongea na Yesu, si kwa maneno ya rozari. Nilimwambia: Wewe ulikuwa humo ndani asubuhi yote, umesikia. Hawa wako wamefunga chumba. Mimi sina mtu. Kama maneno yako ni ya kweli, leo usinipe moyo wa kuvumilia, nimechoka kuvumilia. Njoo ubebe.

Sikusikia kitu. Ila nilipoingia ndani macho yangu yakaenda kwenye kitanda. Sisi kitanda chetu alikitengeneza yeye: miti miwili mirefu ya mkaratusi, katikati kamba za kusuka, na imelala tu juu ya magongo manne yenye panda yaliyochimbiwa sakafuni. Ukiinua, inatoka. Miaka yote hiyo nilikuwa nalala juu ya ingobyi na sikuiona.

Wifi yangu, dada yake wa kuzaliwa, akasema, "Tutachekwa, wifi."

Mjane akasema, "Wacheke. Mimi kuchekwa nimezoea na kubeba nimezoea. Shika."

Wao wawili wakaenda mbele, kila mmoja na mti wake begani. Nyuma nilibaki peke yangu, katikati ya miti miwili. Nikafunga kitenge kutoka mti mmoja, kikapita nyuma ya shingo, mpaka mti wa pili, nikashika kwa mikono. Miguu yake ilikuwa upande wangu, kwa hiyo njia nzima nilikuwa naangalia uso wake. Tulipita mbele ya kanisa, njia nyingine hakuna. Wanaume walikuwa bado kwenye mabenchi. Hakuna aliyecheka tena. Hakuna aliyesimama pia.

Kitanda kilikuwa kinalalia kulia. Kona ya nyuma ya kulia, kona yake mwenyewe, ndiyo haikuwa na mtu. Kila hatua mti ule ulikuwa unashuka, na shingo yangu inavutwa upande huo. Nikaanza kusema na Yesu kama mtu unayebeba naye. Kushoto mimi, kulia wewe. Panda kidogo. Hapa kuna shimo. Usiachie. Wifi akauliza, "Unaongea na nani?" Nikamwambia angalia mbele.

Nisiseme uzito ulipungua. Haukupungua. Tulikuwa tunatua kila hatua mia, kisha hamsini, kisha thelathini. Lakini hofu ilibadilika. Asubuhi nzima hofu ilikuwa inanizunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Sasa ilikuwa inatembea mbele, pamoja na sisi. Mtu anayehofu akiwa na wa kumwambia shika hapa, ni tofauti na anayehofu peke yake. Sijui kueleza zaidi ya hapo, mimi niliishia darasa la nne kwenye kambi Tanzania.

Basi ndipo tulipomtua, na ndipo ile sauti ikakoma, na nikafanya niliyosema mwanzo.

Tulikuwa bado tumekaa, tunatabasamu kama wajinga, akapita mwanamume Mkongomani na baiskeli, amefunga gunia la maharage nyuma. Akasimama.

"Mama, hapa munafanya nini? Uyu ni mugonjwa ao ni nani?"

"Ni mume wangu. Amepata nafuu."

"Banaume ba kwenu beko wapi?"

"Wako kanisani."

"Banafanya nini kule?"

"Wanasali."

"Banaomba nini?"

Akalaza baiskeli kwenye majani, akaja akainama juu ya mume wangu. Akamshika paji la uso, akaangalia midomo yake, akaangalia kucha. Uso wake yule mtu ukabadilika, nami nikasikia baridi, jua lote lile.

"Mama," akasema polepole, "uyu hapana nafuu. Nipe iyi fasi. Tuende. Tuende sasa hivi."

Akashika kona ya nyuma ya kulia.

Sisemi ni malaika. Malaika hatoki jasho namna ile, wala hatukani mawe ya njiani. Ni mtu wa kanisa jingine, wale wanaoimba na spika, alikuwa anapeleka maharage sokoni Base Camp. Tulikwenda karibu mbio. Gari lilikuwa limerudi. Dereva alikuwa na hasira mpaka alipoona waliobeba, akafungua mlango. Yule Mkongomani aliporudi juu alikuta baiskeli ipo, gunia halipo. Nilikuja kujua wiki kadhaa baadaye, si kwake. Yeye hajawahi kuniambia.

Base Camp hawakutuchelewesha, wakamtundikia maji, wakatusukuma kwenda Mbarara. Walimpasua jioni ile ile. Nililala chini ya kitanda chake juu ya mkeka, kama walivyolala wauguzaji wote, na kazi yangu ikawa kusikiliza. Akikoroma, nashukuru. Akinyamaza, natoa kichwa. Muuguzi mmoja akaniambia nitavunjika shingo.

Kitanda cha pili alikuwa askari mwenye jeraha la mguu, na mke wake alitoka kwenye kambi ya jeshi, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru. Siku ya pili akaniwekea bakuli la katogo mbele yangu, ndizi na maharage.

"Wewe mama, kula."

"Sina njaa, dada."

"Mimi hapana uliza habari ya njaa. Mimi nasema kula. Bwana yako akiamka, wewe ukianguka, nani nafua hii shuka? Mimi? Mimi iko na yangu."

Nikala, nikalia humo humo ndani ya chakula. Hakuniuliza. Akangoja nimalize, akachukua bakuli.

Jumanne usiku mume wangu aliongea. Sauti ilikuwa ndogo, ilinibidi niweke sikio. Akaniambia ngiri ilianzia wapi.

Ilikuwa wakati wa mvua, miaka mitatu hiyo nyuma. Walikuwa wanampeleka mama mzazi wa mkuu wa jumuiya, mama mzito, Mungu amrehemu. Nyuma kulia alikuwa mume wangu, nyuma kushoto alikuwa mkuu mwenyewe, mwana wa mgonjwa. Walipofika kwenye mteremko ulioliwa na maji, mkuu akaachia. Akasema anakwenda kumshikia mama mwavuli asilowe. Hakumwita mwingine ashike. Mume wangu akabaki na nyuma yote, mikono miwili, mpaka chini. Akasikia kitu kimekatika kinenani, kama kamba. Hakumtua yule mama. Alipofika nyumbani akala maharage yake kimya.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ingekuwa namdai. Mtu humdai mwenzake kwa kubeba?"

"Na walipokufuta?"

"Nilimpa Yesu." Akapumzika. "Usimwambie, mama. Ataona aibu."

Asubuhi yake nilitoka. Mke wa askari akasema yeye atasikiliza wawili, niende nikapate hewa. Nilikwenda kwa miguu, nikavuka daraja la mto Rwizi, nikapanda kilima cha Nyamitanga mpaka kwenye kanisa kubwa. Sikwenda kusali, nilikwenda kugomba. Mume wangu alimpa Yesu mzigo, akafanywa mvivu kwenye daftari. Mimi nilimwambia abebe, utumbo ukapasuka njiani. Nilitaka anijibu.

Ndani palikuwa na akina mama wawili wakifagia. Nikaanza kuzunguka ukutani, kwenye picha za Njia ya Msalaba, bila kuzitazama, kwa kutembea tu maana kukaa siwezi. Nikasimama kwenye ya tano. Nimeipita tangu utoto, nimepiga magoti mbele yake sijui mara ngapi. Ni pale wanapomkamata mtu anayetoka shamba, hajui lolote, wanamtwika upande wa msalaba.

Nikaangalia mikono ya Yesu kwenye ile picha. Hakukataa. Hakusema nitabeba mwenyewe, Baba anajua. Aliachia upande mmoja, yule mtu akashika.

Nilikaa chini sakafuni. Mmoja wa wale waliofagia akapita pembeni yangu na fagio, hakuniondoa. Tulifundishwa vibaya, au tulisikia vibaya. Mume wangu alidhani kumpa Yesu mzigo ni kuufunga kwa kitambaa ndani ya suruali. Mimi nilidhani ni kuanika kitambaa mahali watu hawaoni. Na wale wa kwenye mabenchi walidhani ni kusema tumwombee. Lakini yeye mwenyewe kwenye njia yake alihitaji bega la mtu. Ukimpa mzigo, anatafuta bega. Anaweza kulitafuta kwa mwenye baiskeli ya maharage asiyesali na wewe. Anaweza kulitafuta kwa mke wa askari. Na anaweza kuja kwako, na wewe ukawa unapangusa viatu.

Sikupata amani pale, nisidanganye. Nilipata miguu. Nilirudi wodini nikamweleza mke wa askari yote, tangu kitenge mpaka mwavuli, mambo ambayo sikuwahi kumweleza hata mama yangu. Alisikiliza huku anakunja shuka. Mwisho akasema, "Huyo mtu ya mwavuli, bado iko hai?" Nikasema yupo. Akasema, "Sawa. Kama iko hai, iko na mdomo."

Jioni ile ndipo daktari aliponieleza habari ya utumbo. Nikamuuliza, kama tungefika mapema? Nikamwambia mwanangu, sema tu, mimi nabeba. Akasema, "Kama mngetoka kwenu asubuhi, labda tungemkuta bado haujapasuka." Alhamisi, jua likitoka, mume wangu alinyamaza. Safari hii nilijua. Nilimshika mkono, nikasema, Yesu, kulia ni wewe, shika vizuri. Sikuogopa. Niliogopa baadaye, na bado naogopa, lakini dakika ile sikuogopa, na kwa dakika ile namshukuru mpaka leo.

Tulimzika Juru. Mkuu alikuja, akaongoza sala, akasema Mungu ametoa na Mungu ametwaa. Ingobyi ilitolewa kubeba jeneza, kwa maana maiti haifutwi kwenye daftari. Miguu yangu ilitaka kwenda kushika ile kona, wifi akanishika mkono.

Siku ya kuondoa matanga, kwetu mtu wa familia husimama na kuuliza mbele ya wote: kuna anayemdai marehemu? Kuna anayedaiwa naye? Kwa kawaida ni mwanamume anayeuliza. Watoto wetu wawili ni wasichana, mmoja yuko Tanzania, mwingine alirudi Burundi. Nikasimama mimi. Hakuna aliyesema anamdai. Nikageuka upande wa pili.

"Mume wangu hadai fedha kwa mtu," nikasema. "Anadai bega. Alibaki na nyuma yote, siku ya mvua, mwenzake alipokwenda kushika mwavuli. Mwenzake yupo hapa."

Mkuu akaupeleka mkono kwenye ule ufunguo, akaushika, akaushika.

"Mama una uchungu," akasema. "Mambo haya tumwachie Mungu."

"Nimemwachia. Amenirudisha kwako."

Akainuka, akasema anawahi mvua. Mvua haikuwepo. Tulisikia honi zote mbili zikienda.

Sasa ni miezi mingi. Nimevunja siri ya mume wangu mara nne, mbele ya wazee, wodini, kwenye matanga na kwenye karatasi hii, na kama ni dhambi nitaijibu mwenyewe. Nguvu ninazo, Yesu ameshika upande mmoja na mimi upande mmoja, nalima, naenda kusali kanisani humo humo, nakaa benchi la mbele. Katekista alikuja kwangu, akalia, akasema, "Nilinyamaza nilipopaswa kusema." Huyo amejibu. Katibu amefuta ukurasa wa mume wangu na kuuandika upya, bila kusema neno, sijui hilo ni jibu gani, lakini ameona aibu. Mimi nimejijibu kila siku.

Umebaki wewe, mkuu. Usiniletee maharage, uliyatuma na nikayarudisha. Usinitumie watu wa kuniambia nisamehe, kusamehe ni kazi yangu na ninaifanya, ni nzito, nina wa kunisaidia. Yako ni nyingine. Jumapili unasimama mbele ya watu kusoma matangazo. Simama hivyo hivyo, na huo ufunguo shingoni, utuambie: kuanzia saa mbili mpaka saa sita ulikuwa unangoja nini? Na kule kwenye mteremko, ulipoachia kona yako, ulidhani ni nani angeishika?

Nakaa mbele. Nitakusikia.